SAUTI NA HAKI YA MTU

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Katika zama hizi hatuna budi kuongeza neno moja: lisikiwalo huenda halikusemwa kamwe. Mwezi wa Januari, 2024, wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu na sauti kama ya Rais Biden, ikiwataka wasishiriki katika uchaguzi wa mchujo. Rais hakuyasema maneno hayo. Sauti ile ilitengenezwa kwa kompyuta.

Jambo hili si la Wamarekani peke yao. Mfanyakazi aweza kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu, akasikizishwa sauti inayodaiwa kuwa yake, na kwa sauti hiyo akapoteza kazi. Tena mla rushwa aliyenaswa kwa haki naye aweza kukana akisema, "Hiyo imetengenezwa." Nani ataamua baina yao?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania, ya mwaka 2015, inakubali ushahidi wa namna hii mahakamani, na inataka upimwe kwa jinsi ulivyopatikana na ulivyohifadhiwa. Lakini sheria peke yake haina masikio. Yahitaji mtaalamu.

Kazi ya mtaalamu huyo si ramli. Mwaka 1974, wataalamu sita walichunguza utepe wa Rais Nixon uliokuwa na pengo la dakika 18 na nusu. Kwa alama zilizoachwa na mashine juu ya utepe, walithibitisha kuwa ulifutwa kwa uchache mara tano. Siku hizi hata mvumo wa umeme hutoa ushahidi. Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, ukipanda na kushuka kidogo kidogo. Mvumo huo ukinaswa ndani ya sauti, hulinganishwa na kumbukumbu za gridi, na hapo huweza kujulikana sauti ilirekodiwa lini na kama imekatwa. Lakini asiyeweka kumbukumbu hizo kila siku hana cha kulinganisha.

Kijana anayetaka kazi hii hana budi kujifunza fizikia, hesabu, kompyuta, elimu ya matamshi na sheria ya ushahidi. Hana budi kuzoea kuihifadhi sauti ya asili bila kuigusa, na kufanya kazi juu ya nakala. Kuna vyuo vya nje vinavyofundisha fani hii, kama Chuo Kikuu cha Colorado huko Denver. Lakini chuo cha nje hakitamfundisha mtu lafudhi ya Mpemba na ya Msukuma. Sikio la kutambua Kiswahili litafunzwa hapa hapa kwetu.

Kwa hiyo twatoa mwito. Vyuo vikuu viunganishe walimu wa fizikia, wa lugha na wa sheria katika somo moja. Serikali isomeshe vijana, iweke kumbukumbu za umeme. Vyama vya wafanyakazi vidai sauti yoyote ichunguzwe kabla mtu hajahukumiwa kwayo.

Na kijana atakayefuzu akumbuke kwamba yeye si wa polisi wala si wa mshitakiwa. Akiwa na hakika, aseme. Akiwa hana, awe na ushujaa wa kusema, "Sijui." Neno hilo laweza kumwokoa mtu asiye na hatia.