KONA YA VIJANA: Ekrani ya kuvaa, ya jicho moja ao ya macho mawili?



Vijana wenye kupenda ufundi wa ordinatere wana ulizo moja: kama mtu anataka kujitengenezea ordinatere ya kuvaa mwilini, atafute ekrani gani ya kuweka mbele ya macho? Ulizo ni zuri, na tulijibu mbele pesa za nyumba hazijatoka.

Kwetu sisi watu wa mgodi jambo hili haliko geni. Ile taa ya waya, baba anafunga batri kiunoni, waya unapanda mgongoni mpaka kwenye kaske, taa inakaa juu ya paji la uso, na mikono yote miwili inabaki huru kwa kazi. Ordinatere ya kuvaa iko vilevile: mashini na batri kiunoni, waya, na pahali pa taa ni ekrani ndogo. Hata kobalti inayotoka katika udongo wetu inaingia katika batri nyingi za namna hiyo.

Weka kidole sentimita tatu mbele ya jicho: hukioni vizuri. Kwa hiyo ekrani nyingi za namna hii ziko na lenzi, inayofanya picha ionekane kama iko mbali. Ekrani yenye lenzi mbaya inaumiza kichwa, hata kama picha yake inang'aa namna gani.

Ekrani iliyopendwa na mafundi wa kwanza iliitwa Private Eye, ya kampani Reflection Technology ya Marekani, mwaka 1989. Ndani yake mlikuwa mstari mmoja wa taa ndogo nyekundu 280, na kioo kidogo chenye kutikisika haraka kinautandaza mstari ule mpaka unakuwa ukurasa wa nukta 720 kwa 280. Rangi nyekundu tu, basi! Lakini maandishi yalisomeka, na ilikaa kwa jicho moja. Thad Starner, mwanafunzi wa MIT, alianza kuvaa ordinatere yake mwaka 1993 na ekrani hiyo, akiandika masomo yake huku anamsikiliza mwalimu.

Mwaka 1996 Sony ilileta Glasstron, ya macho mawili, yenye rangi kama televizio. Kwa kukaa kitini na kutazama filme, sawa. Kwa kutembea njiani mimi naikataa.

Halafu Google Glass, ambayo Starner mwenyewe alisaidia kuongoza ufundi wake. Mwaka 2013 iliuzwa dola 1500: kipande kidogo cha kioo juu ya jicho la kuume, nukta 640 kwa 360. Ukitaka kusoma unainua jicho. Usipotaka, unamtazama mwenzako. Kwa ufundi wa ekrani, hakuna iliyonipendeza kupita hiyo. Watu waliichukia juu ya kamera: hakuna aliyejua kama anapigwa picha. Kuuzia watu wote kulisimama Januari 2015, na ile ya makampani ikaisha 2023.

Hapa nisimame kidogo. Bwana Yesu alifananisha jicho na taa ya mwili (Mathayo 6:22). Mama mjane akija kukueleza shida yake, hatazami midomo yako, anatazama macho. Akiyaona yanakimbia pembeni kusoma kitu, atanyamaza, na pengine hatarudi tena. Kwa hiyo ninapolinganisha ekrani, nauliza kwanza: mwenzangu ataona kama niko naye? Ekrani ya jicho moja, inayokaa juu ao pembeni, inaweza kujibu ndiyo. Ile inayofunika macho yote mawili inajibu hapana.

Miwani za siku hizi za macho mawili ziko nyepesi. Xreal Air ya mwaka 2022 iko na gramu 79, nukta 1920 kwa 1080 kwa kila jicho, na ilianza kuuzwa Marekani dola 379. Picha ni safi sana. Haina batri yake. Inakula umeme wa telefone kupitia waya wa USB-C. Lakini inatia giza kama miwani ya jua, na iko na mtego: telefone nyingi zina tundu la USB-C lisilotoa picha hata kidogo! Ordinatere ndogo kama Raspberry Pi Zero nayo inatoa picha kwa HDMI, basi utaongeza kigeuzi, tena na batri nyingine. Kijana anayelipa bila kuuliza hili atabaki na miwani ya jua ya bei kubwa, na hesabu hiyo ni makaratasi ya shule ya wadogo zake.

Basi, tafuta ya jicho moja, hata iliyotumika, na uijaribu kwanza saa nzima ukisoma. Usiivae juu ya pikipiki, wala shimoni. Na mbele ya kutoboa fremu, jua jicho lako lenye nguvu: nyoosha kidole kuelekea mti wa mbali macho yote yakiwa wazi, halafu funga jicho moja moja. Jicho ambalo kwalo kidole hakihami mtini, ndilo hilo.