Kadi ya Mtumishi, Jasho la Kabwela

Wapo watumishi wa umma wanaoamini kwamba kadi ya bima ya afya iliyomo mfukoni mwao ni tunda la jasho lao peke yao. Imani hiyo si ya kweli, na yafaa isahihishwe.

Sheria ya 1999 iliyounda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya iliweka mchango wa asilimia 6 ya mshahara: mtumishi akatwe 3, mwajiri atoe 3. Mwajiri wa mwalimu ni nani? Ni Serikali. Na fedha za Serikali hutoka kwa wananchi, akiwamo mama auzaye dagaa Kashai, mjini Bukoba, ambaye kila anunuapo sabuni hulipa kodi. Asiye na kadi ndiye anayesaidia kulipia kadi ya mwenye mshahara!

Mama huyo akiugua, hutakiwa kulipa. Uchangiaji ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, msamaha uliwekwa kwa wasiojiweza. Lakini mlango wa msamaha ni mwembamba: mgonjwa hutakiwa kwanza kuthibitisha umaskini wake kwa barua na mihuri. Homa haingoji muhuri. Wengi huona haya, wakanunua vidonge viwili dukani na kurudi kulala.

Wapo wasemao kwamba kabwela na ajiunge kwa hiari yake. Hiyo ni hoja ya aliyekwisha kushiba. Mtumishi hukatwa kidogo kidogo kila mwezi. Kibarua wa kutwa hana mshahara wa kukatwa.

Tena Kagera yajua vyema kwamba maradhi hayaulizi kadi. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa mwaka 1983, na huko ndiko ugonjwa wa Marburg ulikozuka Machi 2023. Mgonjwa anayejificha chumbani kwa kuogopa gharama ni hatari kwa mtaa mzima, wenye kadi wakiwamo.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imekubali kwamba wasio na uwezo wagharimiwe. Hiyo si hisani, ni deni. Basi watumishi na walimu, ambao ndio wajuao kusoma sheria na kuandika orodha, wasimame katika mikutano ya mitaa yao wadai kwamba wasiojiweza watambuliwe mapema na kwa haki, kabla hawajaugua. Anayenyamaza akumbuke kwamba nusu ya kadi yake imelipwa na umma.