Ruhusa ya Kamera na Lugha ya Linux

Mwanafunzi wa fasihi simulizi aendaye Marafa kurekodi masimulizi ya Wagiriama kuhusu Nyari, lile korongo la mchanga lililo kaskazini mwa Malindi, huenda akakumbana na kikwazo asichofunzwa darasani. Kamera imechomekwa katika tundu la USB, ila kompyuta ya Linux yakataa kuifungua. Faili ya /dev/video0 kwa kawaida humilikiwa na msimamizi mkuu pamoja na kikundi kiitwacho video. Asiyekuwemo huweza kukosa ruhusa. Amri ya sudo usermod -aG video, ikifuatwa na jina la mtumiaji, humwingiza, mradi atoke kisha aingie upya. Wapendao njia ya mkato hutumia chmod 666. Huko ni kuwafungulia wote mlango, na kamera ikichomolewa kazi huanza upya.

Kisha huja usingizi. Ili kuokoa betri, Linux huweza kuilaza kamera isiyotumika, na baadhi haziamki vyema. Mzee aliyekwisha kuanza kusimulia hangoji. Dawa ni kuandika on badala ya auto katika faili ya power/control ya kifaa hicho.

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka wa 2004. Hiyo ilikuwa programu ya ofisini. Ujumbe unaomkataza mtafiti kamera yake wastahili kutafsiriwa vilevile, na wanaisimu ndio wa kuamua: amekosa ruhusa, au amekosa idhini?