Shokapu za Dhahabu za Nini?

Nimekuwa kimya kidogo, zamu za usiku zimenibana kama kawaida yake. Ila kuna hoja imenikaa kooni na lazima niitoe, maana msimu wa pikipiki hapa Minnesota ni mfupi na watu wameshaanza kufungua pochi.

Hoja yenyewe hii hapa: mtu mwenye pikipiki ya spoti ya zamani, akitaka kuiboresha mbele, aanze na springi zinazolingana na uzito wake, aweke na oili mpya. Basi. Habari za kung'oa shokapu zote na kufunga zile nene za rangi ya dhahabu, zilizogeuzwa juu chini, mimi napinga. Najua nitapigwa mawe, na wa kwanza kurusha watakuwa kaka zangu wa Brooklyn Park.

Kwa mnaosoma toka Bongo, pikipiki huku siyo ya kutafutia riziki. Mvua ya theluji ikianza inafunikwa turubai gereji, inatoka tena Aprili. Yangu ni Suzuki SV650S ya 2001, injini ya silinda mbili, nyepesi, haina makuu. SV ilitoka 1999 ikapendwa mno kwa sababu ilikuwa na injini nzuri kwa bei ya mtu wa kawaida. Lakini bei ile ilipatikana kwa kubana matumizi mahali fulani, na mahali penyewe ni shokapu.

Ndani ya kila bomba la mbele kuna springi ndefu, oili, na fimbo yenye vitundu. Gurudumu likipanda, oili inalazimishwa kupita kwenye vitundu vile, na ugumu huo wa kupita ndio unaozuia pikipiki isidunde kama mpira. Shida ni kwamba vitundu havibadiliki ukubwa. Shokapu ikitembea kwa kasi mara mbili, ugumu unapanda karibu mara nne. Kwa hiyo ukikamata breki pua inazama taratibu kama mgonjwa aliyekata tamaa, halafu ukikutana na shimo lenye kingo kali oili haiwahi kupita, pigo lote linakuja mikononi. Laini pale ulipotaka ngumu, ngumu pale ulipotaka laini.

Sasa changanya hayo na barabara za hapa. Maji yanaingia kwenye nyufa, usiku yanaganda na kutanuka, mchana yanayeyuka, kesho tena. Ikifika machipuko lami imebomoka vipande vipande. Mimi nikitoka zamu asubuhi napita I-94 katikati ya Minneapolis na Saint Paul, halafu Snelling, na macho hayatoki barabarani. Unakamata breki kwa sababu gari la mbele limesimama ghafla, uzito wote unaenda mbele, shokapu inazama mpaka karibu na mwisho, na hapo hapo shimo linatokea. Hakuna nafasi iliyobaki ya kushuka. Chuma kinagonga chuma, tairi linaruka. Tairi likiwa hewani halina breki wala kona.

Hospitali ninayofanyia kazi siitaji, ila kila msimu ukifunguka tunawapata. (Halafu sheria ya Minnesota tangu 1977 haimlazimishi mtu mzima mwenye leseni kamili kuvaa helmeti. Nyie vaeni. Sitaki mjadala.)

Turudi kwenye springi. Wodini hatumpi mtoto wa kilo 12 dozi ya baba wa kilo 90. Tunampima, tunapiga hesabu, na kwa dawa za hatari nesi wa pili anahakiki kabla sindano haijaingia. Springi nayo ni dozi kwa kilo. Kiwanda kimeweka moja kwa dunia nzima, na kwa SV ni laini hata kwa mwembamba. Zile za asili ziko chini ya 0.8, hicho kipimo ni kilo zinazohitajika kuikandamiza milimita moja. Mtu wa kilo 75 hivi anaendesha vizuri akiwa na 0.85, jamaa wa kilo 95 anataka kwenye 0.95. Tofauti unaona ni ndogo kwenye karatasi. Kwenye breki siyo ndogo hata kidogo.

Kujipima hakuhitaji fundi. Funga ile kamba ya plastiki ya kufungia nyaya kwenye bomba la shokapu, pikipiki ikiwa imeinuliwa gurudumu lisiguse chini. Halafu ishushe, kaa juu yake ukiwa umevaa kila kitu, mtu akushikilie, ushuke polepole. Angalia kamba imesukumwa kiasi gani. SV ina safari ya milimita 130 mbele, na kwa barabara za kawaida ukikaa tu inatakiwa izame milimita 30 mpaka 40. Ikizama 55 na hata hujaondoka, ujue nusu ya akiba umeshaila.

Kazi yenyewe nimeifanya gerejini Februari hii, nje baridi ya kuua. Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, inanuka samaki waliooza, nadhani haikuwahi kubadilishwa tangu kiwandani. Jozi ya springi dola 120 mpaka 150 kutegemea unakonunua, oili dola 20, sili dola 30 na kitu. Vipande vya kukaza springi kwa juu nimekata bomba la plastiki la maji, na wala siyo ubahili, ndivyo wanavyofanya hata wenye duka. La kuangalia ni kimo cha oili: kinapimwa springi ikiwa nje na bomba limesukumwa mpaka chini kabisa. Wengi wanapima vinginevyo halafu wanalaumu oili.

Kuna kifaa kinaitwa emuleta, cha Race Tech wa California, kama dola 200. Ni vali ndogo inayokaa juu ya ile fimbo, unatanua vitundu vyake kwa drili, halafu vali ndiyo inaamua: ikipigwa polepole inabana, ikipigwa ghafla inafunguka. Inatibu hasa ule ugonjwa wa vitundu niliousema. Mwenye hela aweke, sina neno. Mimi mwaka huu sijaweka.

Sasa wenzangu na mie. Kaka mmoja Mkenya, rafiki yangu kabisa, ana SV kama yangu, kaifunga shokapu za GSX-R zilizotumika. Ukisikia hivyo unadhani ni shokapu tu. Kumbe unataka na viunganishi vyake vya juu na chini, gurudumu lake, ekseli yake, breki zake, na fundi wa kuoanisha kile chuma cha usukani. Ilifika kama dola 1,000. Na shokapu zile mara nyingi ni fupi kuliko za SV, pua inashuka, pembe ya usukani inasimama, pikipiki iliyokuwa tulivu inaanza kuhangaika kwenye mwendo. Na ndani bado kuna springi zilizopangwa kwa pikipiki nyingine na mwili mwingine! Nikamuuliza, "Kaka, umepima inazama kiasi gani ukikaa?" Akacheka. "Dada nesi, wewe angalia inavyong'aa."

Hapo ndipo pananiuma. Ughaibuni tuna ugonjwa wa kuuza sura. Tunabeba maboksi, tunageuza wagonjwa usiku kucha, halafu hela inakwenda kwenye kitu kinachoonekana kwenye picha. Dola 800 za tofauti ni ada ya mtu nyumbani. Springi haionekani, iko ndani ya bomba, hakuna atakayekusifia kwenye maegesho. Na duka moja la hapa nilipouliza bei ya springi tu, kijana wa kaunta alinishauri ninunue bomba la moshi kwanza. Bomba la moshi! Nilimuaga kwa adabu.

Wanaokimbia kwenye uwanja wa Brainerd kila mwezi na saa mkononi, hao sawa, wana sababu ya kubadilisha mbele yote, na wanajua kuipanga upya. Au kama mabomba yako yamepinda kwa ajali na ukapata seti nzima kwa bei ya kutupa. Wengine wote, hapana.

Na nyie wa Bongo msiseme haiwahusu. Boda inabeba dereva, mshikaki wa abiria wawili na kiroba cha mchele juu, shokapu za mbele zinavuja, mwenyewe anafuta kwa tambara safari inaendelea. Nilipokuwa mwanafunzi Muhimbili, nani asiyejua MOI inavyopokea majeruhi wa bodaboda? Sisemi shokapu ndiyo chanzo, mwendo kasi na mishikaki vinatangulia mbali sana. Ila oili na sili za mbele ni gharama ndogo kuliko plasta moja ya mguu, na fundi wa mtaani anaziweza.

Yangu sasa hivi ikoje? Wiki iliyopita niliipeleka mpaka Taylors Falls kwa barabara ya 95, ile inayofuatana na mto St. Croix. Ukikamata breki pua inashuka kidogo inasimama pale, inakusubiri. Mashimo bado nayasikia, siwadanganyi, kwa sababu vitundu ni vilevile. Ila hakuna kugonga mwisho hata mara moja.

Jumamosi anakuja kijana wa Saint Paul na Ninja 250 yake, kanunua juzi. Ana kilo 102 na ile pikipiki shokapu zake ni nyembamba kama mwanzi. Nimemwambia aje na koti, buti na helmeti, tutampima akiwa amevaa.