Urusi: Visenti vya Mwananchi Vilivyotingisha Wakubwa

Unadhani mdosi wa serikali anaogopa nini zaidi: video ama visenti vyako? Cheki Urusi. Mwaka wa 2011 wakili Alexei Navalny alianzisha FBK, wakfu wa kupigana na ufisadi uliotegemea michango ya raia. Mbogi yake ilipekua rekodi za mali na kurusha droni juu ya mijengo ya wakubwa. Januari 2021 wakaachilia video ya kasri walilosema ni la Putin. Ikatazamwa zaidi ya mara milioni 100. Putin akaruka, akasema si lake. Juni, korti ya Moscow ikaipiga FBK muhuri wa itikadi kali, na kuichangia ikawa kesi. Navalny alifia jela Februari 2024, lakini hata baada ya hapo wachangiaji wameshikwa juu ya pesa kidogo tu. Sasa ushajua jibu, ama?