Bei ya boma penye majanichai: Mwenye mali hutaja, soko hukataa

KATIKA barabara ya kutoka Kericho kupitia Litein na Kapkatet hadi Sotik, tangazo la boma linalouzwa huwa na maneno mawili chini yake: “Maongezi yapo.” Mnunuzi akiyasoma hujua kwamba bei imeongezwa ili ipunguzwe. Naye muuzaji, akijua atapunguziwa, huiongeza zaidi. Kisha huja dalali akaweka chake juu.

Matokeo yake ni boma kukaa mwaka mzima bila mnunuzi, hadi siku ya karo au ya bili ya hospitali. Siku hiyo si muuzaji tena anayetaja bei.

Ugumu katika kaunti za Kericho na Bomet ni kwamba nyumba haiuzwi peke yake, kwani imezungukwa na michai. Hivyo mwenye boma hujumlisha gharama ya ujenzi, thamani ya chai na bei ya ploti mjini, ilhali vitu hivyo vitatu ni nadra kupata mnunuzi mmoja. Anayetaka chai hana haja na nyumba ya vyumba vinne, na anayetaka makao, labda mwalimu au mfanyakazi wa kaunti, hataki kulipia michai atakayoing’oa.

Hesabu ya ploti ndiyo hupotosha zaidi. Jirani akiuza ploti ya futi 50 kwa 100 karibu na mji, mwenye ekari moja huzidisha bei hiyo kwa nane. Husahau barabara za ndani, ada ya mpimaji na muda wa kuwapata wanunuzi wanane.

Hata bonasi si kipimo cha kutegemewa. Mwaka 2025 malipo ya viwanda vingi vya KTDA magharibi mwa Bonde la Ufa yalipungua kuliko ya 2024, wakulima wakalalamika. Aliyepanga bei kwa bonasi ya 2024 alikuwa anauza chai ya mwaka uliopita.

Kipimo bora ni bei zilizolipwa hasa kwa mashamba ya karibu. Lakini nani anazijua? Wapo wanaoandika kiasi pungufu katika mkataba ili kukwepa ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 mashambani na 4 mijini. Mthamini wa serikali hafungwi na kiasi hicho. Isitoshe, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya 1967, mauzo ya shamba huhitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi hutakiwa kuwasilishwa katika miezi sita. Idhini ikikosekana, mnunuzi hudai fedha zake kama deni, na itambidi athibitishe alicholipa.

Tangu Januari 1, 2023, kodi ya faida itokanayo na mauzo ya mali ni asilimia 15, kutoka 5. Sheria ina misamaha kadhaa, ukiwemo wa mtu aliyeishi katika nyumba yake mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza. Aliyehamia Nakuru akaipangisha huenda akaukosa.

Hata hivyo, linaloshusha bei kuliko chai na barabara ni jina lililo kwenye hatimiliki. Shamba likiwa bado kwa jina la babu aliyefariki, aliye hai hana cha kuuza kisheria hadi mirathi ikamilishwe mahakamani. Mnunuzi anayekubali hali hiyo hulipa kidogo kwa sababu ananunua kesi. Hali kadhalika mke asiyeshirikishwa: Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka ridhaa yake, na bei iliyokubaliwa na mume hotelini huweza kukwama mbele ya bodi. Gharama ya wakili wa mirathi ni sehemu ya bei, na afadhali ilipwe kabla ya tangazo kuwekwa.

Lipo pia suala la majani yaliyokwisha kuchumwa. Mwaka wa fedha wa KTDA huisha Juni 30, na bonasi hulipwa miezi kadhaa baadaye. Boma likiuzwa Agosti, bonasi hiyo ni ya nani? Na hisa za kiwandani, ambazo ni mali tofauti na ardhi? Mkataba usipoeleza, maongezi yaliyodhaniwa yamekwisha huanza upya.