Daftari la Wiki: Jicho Refu Bondeni Naivasha

Jumatatu. Wiki ya Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya, imewadia, nami nimeitoa sandukuni lenzi yangu ndefu ya zumu, ya milimita 100 hadi 400, nikaipangusa kwa kitambaa laini na kuikagua kwa taadhima kama nahodha akaguavyo tanga kabla ya kutweka. Mashindano haya yalianza mwaka wa 1953, kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na ijapokuwa magari, njia na hata jina vimebadilika tangu hapo, dereva wa Safari angali anashindana na ardhi kabla ya kushindana na wenziwe. Shekhar Mehta aliyeshinda mara 5, na Joginder Singh aliyeshinda mara 3, hawakuupata ushindi huo kwa kukanyaga mafuta peke yake, bali kwa kujua ni wapi tope litabeba gari na ni wapi litalimeza. Mpigapicha asiyeijali ardhi hiyo, basi, ameiacha nusu ya habari.

Jumatano. Usiku huu nimeitazama tena picha ya Mfaransa Jacques Henri Lartigue, aliyoipiga katika mashindano ya magari kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alipokuwa bado kijana. Gurudumu limekuwa yai lililoinamia mbele, na watu walio kando ya njia wamelalia nyuma kana kwamba upepo umewasukuma. Sababu yake ni bayana: pazia la kamera za zama zile lilipita mbele ya bamba polepole, likiianika taswira kipande kwa kipande, na Lartigue naye alikuwa akiigeuza kamera kulifuata gari. Fundi wa kamera angeliita hilo kosa. Lakini kila alitazamaye huona mwendo, na mwendo ndio uliokuwa umetafutwa.

Alhamisi, Kasarani. Kijana mmoja aliyesimama karibu nami alinionyesha kioo cha kamera yake kwa huzuni. "Mzee, picha ni kali kabisa, lakini gari linaonekana kama limeegeshwa." Nikamwambia, "Mwanangu, hebu tupige hesabu." Gari liendalo kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kwa sekunde; pazia likifunguka kwa sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, gari limesogea sentimita 3 tu, na gurudumu limeganda. Likifunguka kwa sehemu 1 ya 60, gari limekwenda karibu sentimita 46, nawe ukigeuka pamoja nalo kuanzia kiunoni, miguu ikiwa imetulia na pumzi imeshikwa, gari litabaki wazi na dunia iliyo nyuma yake ndiyo itakayokimbia. Alijaribu mara nyingi akakosa, kama tulivyokosa sote. Lakini kabla ya jua kutua alipata moja, akanyamaza kimya akiitazama, nami nikaona fahari katika kimya kile.

Ijumaa, Kedong. Leo mwalimu alikuwa vumbi. Madereva huliita feshi-feshi: ghubari laini kama unga, hukaa juu ya njia kwa kina cha kumeza gurudumu, na likiisha kutimuka hutanda hewani muda mrefu. Hapa hapana mtu wa kubadili lenzi, kwa kuwa chembe zikiingia ndani ya kamera huonekana katika kila picha inayofuata. Na hiyo ndiyo fadhila kubwa ya zumu, kwamba mtu husogea mbali na karibu bila kuufungua mwili wa kamera. Walakini lenzi inayorefuka huvuta hewa, na hewa huvuta vumbi, kwa hiyo haifai kuisukuma na kuivuta ovyo. Nilisimama upande utokako upepo, nikasikiliza: kwanza helikopta, kisha ngurumo, kisha gari lenyewe. Adhuhuri nilifunga mkoba, maana joto la ardhi lilikuwa limeanza kuitikisa hewa kama maji, na lenzi ndefu hukuza mtikisiko huo pamoja na gari.

Jumamosi, Soysambu. Asubuhi nilipiga picha zote kwa milimita 400, ambapo kamera ya fremu kamili huona pembe ya digrii 6 tu, nikajaza fremu kwa chuma na matangazo yaliyobandikwa juu yake. Nilipozipitia kivulini moyo ulinipoa: zilikuwa safi, lakini zingeweza kupigwa Ufini au Argentina. Ndipo nilipoirudisha lenzi hadi milimita 100, palipo na digrii 24, ukaingia mlima unaoitwa Sleeping Warrior, ambao kweli hufanana na mtu aliyelala chali, yakaingia majani makavu, na gari likawa dogo likivuta mkia wa vumbi mrefu kuliko yeyote angaliweza kuupima kwa macho. Udogo huo ulilipa gari hadhi ambayo ukubwa ulikuwa umelinyima.

Jumapili, Hell's Gate. Nimesimama mbali na majabali mekundu, zumu ikiwa katikati, nikapiga picha chache kwa utulivu. Jioni, nilipofika nyumbani, nilimwonyesha mojawapo jirani yangu, mzee aliyeendesha lori miaka mingi katika barabara za Bondeni. Hakuuliza dereva ni nani wala gari ni la kampuni gani. Aliisogeza picha karibu na taa, akaweka kidole juu ya jabali, akasema, "Hapa napajua. Mvua ikinyesha, hapa hapapitiki."